Mpeleke Mama Mwanza

Biryogo, Kigali
Machi, 1993

Dada yangu Kalunde,

Shikamoo, Dada. Najua Shija atakukabidhi barua hii mlangoni, na najua utataka kuifungua hapo hapo akiwa bado anafuta vumbi la njiani. Tafadhali jizuie. Mpe maji, mpe chakula, muulize habari za lori lake maana hiyo ndiyo mada anayoipenda, kisha ingia chumbani kwako ufunge mlango. Mama asikuone unasoma. Akikuuliza, mwambie ni salamu tu.

Haya, sasa umekaa. Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Wale wapwa zangu wawili bado wanapigana kila jioni, au mkubwa amepata akili? Mwambie mdogo asikubali kuonewa, mimi nilionewa na wewe miaka yote ile na hakuna aliyenitetea. Ningependa niendelee na mizaha hivi hivi mpaka karatasi iishe, Dada, kwa sababu ninalotaka kusema ni zito.

Nalitamka mwanzoni ili usinisome kwa kubahatisha. Mama asije Kigali. Mpeleke Mwanza, mpeleke upesi, akatolewe huo uvimbe wa tumboni kabla haujamtoa yeye. Daktari wa pale Tabora amekwambia kwamba usipotolewa kabla ya mavuno haitakuwa kazi ya kisu tena. Maneno hayo umeyaandika wewe mwenyewe kwa mkono wako na mimi nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Na bado unaniambia Mama amenunua sanduku, amepaka viatu rangi, anakaa barazani anaaga watu. Anawaambia, "Mwanangu ana kadi. Kule Kigali unalala kwenye mashuka meupe, ukitoka hakuna anayekuuliza kitu."

Habari hiyo imetoka kwa Shija, na simlaumu. Alinikuta siku moja kwenye zahanati ya watu wakubwa kule Kiyovu, mtaa wa majumba ya kizamani na mabalozi, nimelazwa kwenye chumba chenye pazia. Akaona ninatia sahihi tu bila kulipa kitu. Kwa dereva anayelala chini ya lori lake hilo ni jambo la kusimulia, naye akasimulia, na Mama akasikia alichotaka kusikia. Sasa nikueleze kadi hii ni nini hasa, maana hata mimi imenichukua muda kuijua, na mimi ndiye ninayeibeba mfukoni.

Sisi tunaosoma shahada ya pili kwa ufadhili wa mradi tulipewa kadi ya bima siku ile ile tulipoandikishwa. Hapa wanaiita asiransi. Tulishangilia, tukapigwa picha, basi. Hakuna aliyetueleza inafanya kazi wapi na inakoma wapi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mtu mzima mwenye afya haulizi mambo ya hospitali, anaona ni kama kujitabiria. Mimi kazi yangu ni kuchimba mashimo kwenye vilima na kupima udongo. Nilidhani ugonjwa wangu mkubwa utakuwa mgongo.

Barua yako ya kwanza ya uvimbe ilipofika nilikwenda kwenye ofisi ya bima. Nilivaa shati la kola, nikachukua na kile Kifaransa changu cha kukopakopa. Karani alikuwa dada mmoja mpole, mwenye sauti ya chini, akaniona ninavyohangaika na Kifaransa akanihurumia akaingia kwenye Kiswahili cha huku.

"Asiransi inakujua weye," akasema. "Kama uko na muke, inamujua. Kama uko na batoto, inabajua. Mama muzazi haiko ndani."

Nikamwambia sina mke wala mtoto, kwa hiyo nafasi zao ziko wazi, kwa nini asikae Mama? Alinitazama kwa huruma hasa, Dada, si kwa dharau. Akasema si yeye aliyepanga. Nikamuuliza tena kama naweza kumkatia Mama bima ya peke yake. Akasema inawezekana, lakini lazima apimwe kwanza, na ugonjwa watakaoukuta siku ya kupimwa hauingii. "Asiransi unanunua mbele ya ugonjwa. Ugonjwa ikishafika, tumechelewa." Kisha akasema neno lao la pole, "Ihangane," na akanyanyuka kunisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo makarani hawalifanyi.

Nilikasirika. Unanijua, hasira zangu hazina breki. Nilishuka ule mteremko nikiongea peke yangu. Mama aliyenizaa, aliyelima karanga mpaka kucha zikamtoka ili nisome, kwao si mtu wangu. Lakini mwanamke ambaye sijamwona, nikimwoa kesho Jumatatu, Jumanne yuko ndani. Bado nikilifikiria jambo hili linaniuma, na sioni kwa nini nijifanye haliniumi.

Sasa ikatokea njia nyingine. Nina mwenzangu darasani, Anastazi, Mnyarwanda wa kusini, mtu mcheshi, kabla ya masomo alikuwa mtumishi wa wizara moja. Yeye kwa kazi yake ya zamani alipewa karatasi za matibabu hata kwa mama yake, na yule bibi yuko kijijini, ni mzima, hazitumii. Akaniambia bila kunong'ona, mdomo umejaa maharage, "Mama yako atakuja kwa jina ya mama yangu. Iko nini? Mama iko mama." Nilicheka, kisha nikaanza kupanga. Dada, sitakuficha, nilipanga mpaka mwisho. Mama atashukia wapi, atavaa kitambaa gani kichwani, nani atasema kwa niaba yake.

Kilichonizuia nilikiona kule Nyabugogo, kwenye stendi kubwa ya mabasi, siku niliyokwenda kumwulizia Shija. Tangu vita vya kaskazini vipambe moto tena mwezi uliopita, watu wameteremka kutoka huko na magodoro vichwani, na barabara zimejaa vizuizi. Hapa vinaitwa bariyeri. Mbele ya stendi walikuwa wamemsimamisha bibi mmoja wa umri wa Mama, na kifurushi chake, na kitambulisho chake kimo mkononi mwa kijana mwenye bunduki. Hapa kitambulisho hakisemi jina tu, kinasema na kabila, na kuna macho yanayosoma hilo kwanza. Walimwuliza maswali mengi kwa Kinyarwanda, amezaliwa kilima gani, mume wake nani, anakwenda kwa nani. Alijibu kila swali, na bado walimweka juani mpaka nikaondoka nikamwacha pale. Nikamweka Mama mahali pake. Mama na jina la mtu mwingine, na kitambulisho cha mtu mwingine, anaulizwa kilima alichozaliwa naye anajibu kwa Kinyamwezi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikamwambia Anastazi asante sana, hapana. Yeye mwenyewe akawa amekwisha kufikiri, akasema, "Ni kweli, sha. Wataua mama wetu wote wawili."

Utasema basi, hayo yote yaandikie Mama kama yalivyo, ataelewa. Niliyaandika. Mara mbili. Wewe ndiye uliyeniandikia majibu yake. Kadi haimjui? "Mwanangu ni msomi, ataiambia imjue." Kuna vita? "Vita ni vya wenyewe, mimi ninakwenda kwa mtoto wangu." Mwanza je? Mwanza hataki kusikia, kwa sababu Mama Mkubwa alikwenda Mwanza akiwa hai akarudi ndani ya sanduku, na tangu hapo Mama hata garimoshi la Mwanza likipiga honi anageuza uso. Mimi nimemwelewa. Lakini Mama Mkubwa alipelekwa akiwa amekwisha, Dada, alipelekwa baada ya kuzungushwa kwa waganga msimu mzima. Si Mwanza iliyomuua, ni kuchelewa.

Na utaniuliza swali lingine, naona limekaa tayari mdomoni mwako tangu ulipoanza kusoma. Mihayo, kama ni hivyo, kwa nini wewe usije? Panda basi, vuka mpaka pale Rusumo, njoo umshike Mama mkono umpandishe garimoshi mwenyewe.

Keti vizuri. Mimi ni mgonjwa. Nina kifua kikuu.

Shija alipoambiwa ni malaria, aliambiwa hivyo kwa sababu nilimwomba muuguzi aseme hivyo. Kikohozi kilianza kule vilimani wakati wa mvua ndogo, nikakilaumu baridi. Kisha nikaanza kulowesha mashuka kwa jasho, kisha suruali zikaanza kunivuka, na siku moja nikiwa ndani ya shimo langu la udongo nikatema damu. Najua watu wa huko wakisikia mtu amekonda na anakohoa wanasema nini siku hizi. Nimepimwa na hilo pia, Dada, silo. Nakuapia kwa kaburi la Baba.

Ile zahanati ya Kiyovu ilinipokea vizuri, mashuka meupe kweli, mpaka majibu ya makohozi yalipotoka. Siku hiyo hiyo ikaonekana kadi yangu inapenda magonjwa yanayopita njia. Malaria, kuvunjika mguu, jino. Ugonjwa unaokuja na mizigo yake kukaa, hiyo kadi haiufuati mbali. Wakanihamishia hospitali kubwa ya serikali, ambako dawa za kifua zinatolewa kwa kila mtu, mwenye kadi na asiye nayo.

Nilifika pale na kadi yangu mkononi. Muuguzi wa wodi hakuitazama. Aliniuliza, "Umurwaza wako iko wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza taratibu kama anamweleza mtoto. Umurwaza ni mtu wako wa kukuuguza. Kila mgonjwa wa huku anakuja naye. Huyo ndiye anayekupikia, anayekufulia, anayekugeuza, anayekimbia kumwita daktari. Hospitali inatoa kitanda na dawa, mengine ni ya umurwaza. Nikamwonyesha kadi kwa mara nyingine, mjinga mimi.

"Hii karte itakupikia uji?" akaniuliza.

Wodi nzima ilicheka, na wagonjwa wenye nguvu ya kukohoa wakakohoa. Nilitazama nikaona kweli. Chini ya kila kitanda kuna mkeka, na kwenye mkeka kuna mke, au dada, au mama. Nje uani majiko yamejipanga, masufuria yanafuka, wanawake wanapeana chumvi. Kitanda changu ndicho peke yake kilichokuwa hakina mkeka. Nilikula kwa huruma ya mke wa jirani yangu wa kitanda, mzee aliyekuwa hana meno, aliyeniambia kila asubuhi "komera", yaani jikaze, na mimi nikajikaza.

Kisha akaja Bi Zaituni. Nilikwisha kukutajia huyu, ndiye mwenye nyumba ninayopanga, mjane, mshona nguo hapa Biryogo. Babu yake alikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, akapitia Tabora, na Bi Zaituni husema huenda alimwacha mke huko, kwa hiyo mimi na yeye tusiulizane sana. Alisikia kwa Anastazi niliko. Akafunga cherehani yake, akaja na mkeka, jiko la mkaa na birika, akapita katikati ya wodi akifoka kwamba watoto wa siku hizi wanaficha maradhi kama wezi. Muuguzi akamwuliza yeye ni nani wangu. Akajibu, "Mama yake."

Tangu hapo wakamwita Mama Mihayo. Mama Mihayo, mwanao anaitwa kwenye sindano. Mama Mihayo, maji yamechemka. Na yeye anaitika! Alininywesha, akanifulia nguo zenye damu bila kukunja pua, akanitukana nilipokataa kula. Nilikuwa namshukuru, Mungu anajua. Lakini kila walipoita jina lile nilijihisi kama ninayemwibia mtu. Mama Mihayo yuko Tabora barazani na sanduku lake, ana uvimbe tumboni, anadhani mwanawe ni mzima. Nililia, Dada. Nilivuta shuka mpaka usoni nikalia, na Bi Zaituni akanipiga kofi dogo la mguu, akaniambia nilale, "Rara, rara kwanza. Utaria ukipona."

Sasa nimerudi chumbani kwangu. Kila asubuhi ninakwenda kuchomwa sindano, na vidonge ninavyomeza ni konzi. Nimeanza kula. Usiogope kwa ajili yangu, ninapona, daktari amesema hivyo na uzito unapanda. Lakini amesema pia nisisafiri mpaka makohozi yawe safi na sindano zimalizike, na nisiikatize dawa hata kidogo, kwa sababu ukiikatiza ugonjwa unarudi na dawa haiutambui tena. Hata kama ningekaidi nikaja, ningefanya nini? Nikae kando ya kitanda cha Mama aliyepasuliwa tumbo, nimkoholee?

Juzi nilimsomea Bi Zaituni barua yako. Alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule, akasimamisha cherehani. Nikamwambia huyu mama yangu simwelewi, nimekwisha kumweleza mambo ya kadi na bado anaing'ang'ania.

"Weye Mihayo," akasema, "unasoma mabuku yote hayo, na hapa hauone? Mama yako hataki karte. Anataka weye umurwaze. Anaogopa kisu, anataka mutoto wake iko pale akifungua macho."

Tangu juzi sijapata usingizi wa maana. Kwa sababu kama ni hivyo, Dada, hakuna maelezo yatakayomfikia. Nikisema kadi haifai atangoja ifae. Nikisema ningoje nitakuja, atangoja, na mavuno hayangoji. Na ukweli ndio mbaya kuliko yote. Mwambie Mama leo kwamba Mihayo anatema damu, jua halitazama kabla hajapanda lori la Shija. Atakuja na uvimbe wake, avuke mpaka, apite kila bariyeri, aje akunje mkeka wa Bi Zaituni atandike wake. Unabisha? Wewe unamjua kuliko mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi wetu akiujua hasimami.

Kwa hiyo nimefikiri juu ya kitu kimoja tu kinachoweza kumwondoa Mama pale barazani, na ninakiomba kwako.

Unakumbuka ile nyumba? Baba alipokufa, baba zetu wadogo wakaja wakasema mwanamke hawezi kuezeka bati, afadhali arudi kwao. Watu wazuri walikuwa wamemshauri kabla ya hapo aezeke, Mjomba alimbembeleza, padri alimbembeleza, hakuezeka. Baba wadogo walipomdharau, aliezeka. Hakumsemesha mtu mpaka msumari wa mwisho, akawaita hao hao waje wanywe togwa chini ya bati lake. Mama hasukumwi na ushauri, wala na hofu. Anasukumwa na hasira. Akikataliwa mlango mmoja, anaingia mwingine akiwa ameinua kichwa ili aliyemkataa amwone.

Mwambie nimemkataa.

Usimwambie kadi, usimwambie vita. Mwambie Mihayo hataki aende. Kama hataamini, na mwanzoni hataamini, kaa naye chini umsomee maneno haya, nimeyaandika kama yangekuwa barua ya peke yake:

"Mama, shikamoo. Nimesikia umejiandaa kuja. Usije. Hapa nina shughuli zangu na watu wangu, na chumba changu hakina nafasi ya mgonjwa. Siwezi kuacha masomo nikae hospitalini. Unaye Dada, na Mwanza kuna madaktari kama wa hapa. Mambo ya kadi uliyoambiwa na Shija ni yangu mimi, hayakuhusu. Tafadhali usiwaambie watu tena kwamba unakuja kwangu, unanitia aibu. Mihayo."

Nimeyaandika mara nyingi kabla hayajakaa sawa, kwa sababu mkono ulikuwa unayalainisha. Kila nilipomaliza nilikuta nimetia neno la upendo mahali fulani, na Mama angelinusa hilo neno tu, angeyaacha mengine yote. Wewe pia usilainishe. Usimtazame kwa huruma unaposoma. Akisema mwanangu hawezi kuandika hivi, mwonyeshe mwandiko. Akikuuliza kama kuna kitu unamficha, kasirika, mwambie hata wewe umenichoka. Najua ninakutwisha mzigo wa kumdanganya mama yetu akiwa mgonjwa, na najua atalia. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mwanza utakuwa wewe kitandani kwake, Kalunde. Wewe ndiye umurwaza wake. Shemeji nimemwandikia kikaratasi cha kumwomba akuachie muda wote utakaohitajika, ni mtu mwema, atakubali, na Shija atakupa kidogo nilichobana kwa ajili ya safari. Nenda na jiko lako. Nenda na sufuria yenye mfuniko na kanga mbili za kujifunika, na usiondoke pale hata ukiambiwa saa za kutazama wagonjwa zimekwisha. Jifanye husikii. Akifungua macho akukute.

Nisalimie Shemeji, na umwambie namshukuru tangu sasa. Wasalimie wapwa zangu, mwambie yule mdogo mjomba wake anamjazia kopo vijiwe vya rangi kutoka kwenye mashimo ya udongo. Mjomba, kaka yake Mama, msalimie sana, naye peke yake mweleze ukweli, ili akikasirika kwa niaba ya dada yake asije akaandika barua ya kunilaani ikanifika. Shangazi wa Kiloleni mpe salamu lakini usimpe habari, mdomo wake una magurudumu. Mama Mkubwa msafishieni kaburi mkipita. Bi Zaituni anakusalimia bila kukujua, anasema wewe na yeye mna kazi moja.

Mama usimpe salamu zangu. Kama ukishindwa kujizuia, mletee maji ya kunawa, mkande mgongo, fanya vyote ambavyo ningefanya mimi, lakini jina langu usilitaje isipokuwa kwa ubaya mpaka nyuzi zitolewe na jeraha lifunge. Baada ya hapo, nikiwa nimepona na njia zikiwa wazi, nitakuja mwenyewe nipige magoti uani. Na kama haitawezekana, kama lolote litatokea kwake au kwangu kabla ya hapo, basi atakuwa ameondoka akidhani nilimfukuza, au mimi nitaondoka naye akidhani hivyo. Hilo nimelitazama, Dada. Linanitisha kuliko damu niliyoitema. Nimelitazama na bado ninakuomba.

Umsomee asubuhi, akiwa amekwisha kula. Akianza kunilaani mwache amalize, usimkatize, usinitetee. Kisha chukua lile sanduku lake umpandishe garimoshi.

Ni mimi mdogo wako,
Mihayo